Sketi za Nyota, Sketi za Njiwa

Shinyanga, 3 Juni 1982

Leo nimeaibika mbele ya mji mzima, na kwa kuwa nyumbani sina wa kumfokea, nitalifokea daftari hili.

Wasichana wa jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, walikuwa wanacheza mpira wa pete na manesi, mechi ya kirafiki tu ya kujipasha. Sketi na bukta za wasichana wa jineri nimezishona mimi. Mwamvua, kapteni wao, mrefu na mwenye miguu ya kukimbia, akaruka kudaka mpira. Akaudaka kweli. Lakini kamba ya bukta ikakatika, bukta ikamfika magotini. Wanaume waliokuwa wanasubiri pamba yao ipimwe walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwamvua akatoka uwanjani analia, huku ameshika kiuno kwa mikono miwili.

Manesi hawakushika kiuno hata mmoja wao. Walikimbia, wakaruka, wakaanguka, wakainuka, na sketi zao zikabaki pale pale. Hao wamevikwa na Mama Masele.

Mama Masele jina lake ni Eufrasia. Tunashonea baraza moja, la duka la Bwana Akida, mimi upande wa mlango na yeye upande wa mtaro. Ni mama wa Kisukuma wa Samuye, mjane. Ushonaji alifundishwa na masista wa misheni. Huja Jumatatu na lori, hupanga chumba nyuma ya soko, Jumamosi hurudi kijijini kwake. Macho yake ni mekundu kwa moshi, maana kwao kuni zimekwisha na watu wanapikia mavi ya ng'ombe. Haongei sana. Akiongea, huwa amekuchoma.

5 Juni

Lastiki hakuna. Bwana Akida anasema hajaiona tangu mwaka jana, na kama ingekuwepo angeipata kwa kibali, na kibali angekipata kwa kujuana. Kwa hiyo mafundi wote wa mji huu tunafunga viuno vya watoto wa watu kwa kamba, isipokuwa mmoja.

Nimejishusha nikamwendea.

"Shikamoo, Mama Masele."

"Marahaba, Mama Mwasiti."

"Hivi kiunoni unaweka nini?"

Hakuinua kichwa kwenye cherehani. "Naweka kiuno cha mtu," akasema.

Bwana Akida alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi sikucheka.

12 Juni

Nimepata akili. Nimedarizi nyota ya njano kwenye pembe ya kila sketi ninayoshona. Sasa mtu akiona nyota anajua huyo amevikwa na mimi, Mwaisha. Wasichana wameipenda. Wa jineri wameniletea upya vitambaa vyao, Mwamvua pia, ingawa alinifanya nishone kamba mbili badala ya moja.

15 Juni

Mama Masele ameweka njiwa. Mweupe, mzuri, hata jicho analo. Mimi nyota yangu ina pembe zisizolingana. Nimekasirika mpaka nimejichoma kidole.

23 Juni

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga. Nimeweka nia ya kufunga na ulimi, maana tumbo langu halinishindi, mdomo ndio tatizo.

27 Juni

Ulimi umekula mchana. Mungu anisamehe.

30 Juni

Mji umegawanyika. Wakati wa mavuno Wasukuma wana vyama vyao viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, na kila mtu ana upande wake tangu babu zake. Bwana Akida anasema barazani kwake sasa kuna Bagika na Bagalu wa sketi. Jineri, walimu na wasichana wa posta ni wa Nyota. Manesi, Samuye na shule ya misheni ni wa Njiwa. Kombe la wilaya litachezwa baada ya Idi. Wateja wakija kwangu, kwanza wanatazama upande wa mtaro kama Mama Masele anawaona.

Nataka kumshinda. Naandika hivyo hivyo, sioni haya. Nina cherehani moja, sina mume, na binti yangu Mwasiti ameolewa mbali, Tabora. Mtu akiniuliza mimi ni nani katika mji huu, jibu langu ni kazi ya mikono yangu.

4 Julai

Nimefanya jambo la kijinga na limenifurahisha. Juzi nilimtuma Mwamvua akanunue sketi ya Njiwa na bukta yake kwa jina la shangazi yake. Leo jioni baada ya kufuturu nikafunga mlango, nikachukua wembe, nikafumua kiuno.

Tyubu ya baiskeli! Ameikata ukanda mwembamba, akaupaka majivu yaliyochekechwa ili usigandane na kunata, akauzungushia kitambaa chekundu cha mabaki ili usimchome mtoto ngozi, ndipo akaushonea ndani kwa mkono. Ukivuta unavutika, ukiachia unarudi. Mishono yake ya mkono midogo kama ya mashine.

Nilikaa nikautazama kwa muda, nikacheka peke yangu. Mama yule ana akili. Sijui kama nilitaka kumpiga au kumkumbatia.

9 Julai

Nimejaribu na mimi. Tyubu hakuna, hata zilizotoboka watu hawazitupi, wanafungia mizigo. Kumbe huyo Masele, mwanawe, ni fundi baiskeli huko Buseresere. Zikimharibikia kabisa humpelekea mama yake kwa malori yanayopita Geita. Mimi nina binti Tabora anayeniletea salamu.

17 Julai

Joto, kiu, mishono.

23 Julai

Idi. Nilikuwa najua leo nitakula peke yangu. Asubuhi nikasikia hodi. Mama Masele, katika gauni lake la kanisani, na kibuyu cha maziwa ya mgando kichwani. Leo hakufungua cherehani yake kwa ajili hiyo.

"Nimesikia watu wenu leo hawafungi," akasema. "Nikaona nisije nikasikia umekufa kwa pilau."

Tulikula. Nilimwambia habari za baba yangu, aliyekuja huku kutoka pwani na mzigo wa vitambaa asirudi tena. Yeye akaniambia habari za mumewe, aliyekuwa anapiga ngoma upande wa Bagalu wakati yeye ni wa Bagika. Harusi yao nusura ivunjike kwa hilo. Alicheka, akachelewa kuziba mdomo. Sikuwahi kujua kwamba amepoteza meno ya mbele.

Nilitaka kumwambia kwamba nimefumua sketi yake. Nikaona aibu, nikamwongezea nyama.

1 Agosti

Nimekwenda na Mama Masele Samuye kuona ngoma. Mavumbi! Vyama viwili vinacheza uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watu wanakimbilia kule kunakonoga. Anayebaki na watu wengi ndiye mshindi. Na matusi, jamani! Manju, yule mwimbaji kiongozi wa upande huu, akaimba kwamba yule wa upande wa pili amezika ngozi ya fisi chini ya ngoma yake, na mama yake ndiye aliyemchimbia shimo. Yule mwingine akajibu kwamba mwenzake anaogea maji ya maiti. Mimi nikashika kifua, nikadhani sasa damu itamwagika. Watu wakacheka, na hao mamanju wawili baadaye nimewaona wanakunywa pombe kibuyu kimoja.

"Hawakasirikiani?" nikauliza.

"Akasirike kwa nini? Asiyetajwa kuwa na dawa ya kichawi ndiye asiyecheza vizuri," Mama Masele akasema. "Pale uwanjani maneno ni ngoma tu. Ngoma ikilala, nayo yamelala."

Nimependa sana. Hivi ndivyo biashara inavyotakiwa kuwa.

4 Agosti

Wateja watatu leo walikuwa hawajui waende upande gani. Nikasimama barazani, nikapaza sauti kama yule manju: "Njooni kwa Nyota, huku ni mshono mtupu! Wale wa Njiwa wana dawa kiunoni!"

Watu wakacheka. Mama Masele bila kuinua kichwa: "Nyota za Mama Mwasiti mmeziona zinavyoshuka? Muulizeni Mwamvua."

Baraza zima likalipuka. Wateja wale wakagawanyika, wawili kwangu, mmoja kwake. Sijacheka hivi tangu nipewe talaka.

7 Agosti

Sasa watu wanakuja hata bila vitambaa, kusikiliza tu. Bwana Akida anauza chai.

Mimi: dawa yake inatoka Buseresere kwa lori. Yeye: angalau yangu inapanda lori, yako inashuka yenyewe.

9 Agosti

Jioni tulipokuwa tunafunika vyerehani, Mama Masele alinishika mkono.

"Mama Mwasiti. Hayo ya dawa uyaseme hapa mjini. Samuye usiyaseme."

"Si wewe uliyeniambia ni maneno ya ngoma?"

"Ya ngoma yanasemwa na wacheza ngoma. Mimi ni mwanamke mjane, na macho mekundu haya." Akayaonyesha kwa kidole. "Mwaka juzi walimfukuza jirani yangu, wakamwita mchawi. Alikuwa na paka tu."

Nikamwambia nimesikia. Nilisikia kweli.

14 Agosti

Fainali imechezwa Samuye, kwa sababu uwanja wa mji umechimbwa mtaro wa bomba la maji. Jineri na Samuye. Nyota na Njiwa. Nilipanda lori la pamba pamoja na wasichana wangu, tumevaa kilemba cha njano sote.

Samuye wana mfungaji, Mageni, binti wa mzee Herman. Msichana mwembamba, mpole, lakini ukimpa mpira chini ya pete umekwisha. Kabla ya mechi nilimwona ameinamia kisima, anajimwagia maji kichwani. Nikasikia anamwambia mwenzake kichwa kinamuuma toka jana na shingo imekaza. Mwenzake akamwambia cheza, utapona.

Akacheza. Kila mpira ukaingia. Mwamvua alimruka, akamzuia, akamkanyaga, wapi. Ilipofika nusu ya pili tulikuwa tumeachwa mbali, wasichana wangu wameinamisha vichwa, na watu wote wa uwanja wamehamia upande wa Samuye kama kwenye ngoma. Upande wetu tukabaki sisi na dereva wa lori.

Nikapanda juu ya lori. Nikaimba. Wasichana wa jineri wakapokea:

"Njiwa ana dawa kiunoni, mvueni tuone! Njiwa ana dawa kiunoni, mvueni tuone!"

Watu waligeuka. Wengi walicheka. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vyao, nao hawakucheka, lakini wazee ni wazee. Mama Masele alikuwa kando ya uwanja amekunja mikono. Alinitazama mara moja, akaondoka akaenda kwake.

Tumeshindwa. Filimbi ilipolia Mageni alilala chini palepale, wenzake wakadhani ni furaha, wakamrukia.

15 Agosti

Nilisema tu kwa sababu nilikuwa nashindwa. Kesho Jumatatu nitamwomba radhi.

16 Agosti

Mama Masele hajaja.

17 Agosti

Hajaja. Lori la Samuye limekuja na habari kwamba Mageni ni mgonjwa, hajitambui, shingo haipindi. Wanambeba kumleta hospitali.

18 Agosti

Mageni amefariki njiani. Innalillahi. Nesi mmoja wa timu ya Njiwa amesema ni homa ya uti wa mgongo, wamekwisha kuona wengine mwezi huu. Mwamvua, aliyekuwa anamzuia uwanjani, nimemshonea mimi. Sijui kwa nini naandika hilo, lakini nimelia siku nzima.

24 Agosti

Naandika tangu asubuhi na ninafuta. Nitaandika kama yalivyotokea.

Siku ya maziko, wanawake waliokuwa wanamwosha Mageni waliipata sketi yake ya mpira ndani ya nguo zake. Mmoja akakumbuka wimbo. Wimbo wangu. Wakachukua kisu, wakafumua kiuno. Wakaona ukanda mweusi, laini, unavutika kama kitu kilicho hai, una majivu, umefungwa kitambaa chekundu. Walipiga yowe, wakautupa chini, na hakuna aliyethubutu kuukanyaga. Vijana wakazifumua sketi za wasichana wengine wote wa timu. Zote zilikuwa na kile kitu.

Wakaenda kwa Mama Masele. Sitaandika yote niliyosikia. Nyumba wameichoma. Mkono wa kulia wameuvunja. Asingepona kama si katekista, Marselino, aliyeingia katikati yao akiwa amevaa nguo yake ya ibada na kumpakia kwenye baiskeli, akampeleka nisikojua. Jirani zake walisimama wakatazama.

Habari zilinifikia Ijumaa. Jumamosi nilifunga cherehani nikapanda lori kwenda Samuye. Bwana Akida alinikataza. Nilikuwa na tyubu mkononi, kipande nilichokitoa kwenye ile sketi niliyoifumua mimi, na kopo la majivu ya jikoni kwangu.

Mkutano ulikuwa nyumbani kwa mzee Herman, watu bado wamekaa matanga. Nilitoa shikamoo, nikaitikiwa. Nikasimama mbele yao, nikasema mimi ni fundi, yule mama ni mshindani wangu, sina sababu ya kumsifu. Nikavuta ile tyubu mbele ya macho yao. Nikasema hii ni tyubu ya baiskeli, hata hapa zipo baiskeli, nileteeni moja niwaonyeshe. Lastiki haipatikani. Majivu ni ili isinate. Kitambaa ni ili isichubue. Hiyo ndiyo dawa yote.

Nikadhani wamenielewa. Mzee Herman akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya Mama Masele.

"Mama," akasema kwa upole, "ulijua lini kwamba ni tyubu?"

Nikasema tangu mwezi wa saba.

"Basi ulikuwa unajua. Halafu ukaja hapa, juu ya lori, mwanangu yuko hai, ukasema ni dawa."

"Nilikuwa natania, baba. Kama kwenye ngoma. Ilikuwa biashara."

"Wewe ni mcheza ngoma?"

Nikasema hapana.

"Mtu mzima, fundi mwenzake, anayekaa naye baraza moja, amesema mbele ya kijiji kizima kwamba kuna dawa. Tukafumua, tukakuta. Leo unasema hakuna. Ni lini ulikuwa unasema kweli, mama?"

Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa Kisukuma, na kijana akanitafsiria bila kuombwa: anasema wachawi wenzake wamekutisha mjini, ndiyo maana umekuja kumtetea.

Niliwaachia ile tyubu juu ya kigoda. Wakati naondoka nilimwona kijana anaichukua kwa kijiti, anaipeleka motoni.

26 Agosti

Wasichana wa shule ya misheni wamekuja kuhamia kwangu. Wote.

2 Septemba

Manesi nao wamehama. Nilimwuliza yule aliyesema ni uti wa mgongo: si wewe uliyesema ni ugonjwa? Akasema ndiyo, ni ugonjwa, anajua. Lakini wenzake wanaogopa, na timu lazima ivae sare moja.

10 Septemba

Nashona mpaka macho yananiuma. Nyota, Nyota, Nyota. Nimeshinda kila timu ya wilaya hii. Kule upande wa mtaro cherehani ya Mama Masele imefunikwa kitenge, na watu wanaweka baiskeli zao mbali nayo.

21 Septemba

Jua kali. Hakuna wa kunichoma.

5 Oktoba

Mamanju wa sketi hawapo tena. Mteja mmoja leo alinitaka nimwimbie ule wimbo. Nimemfukuza, nikamrushia na kitambaa chake. Bwana Akida amesema nitapoteza wateja. Nikamwambia hawana pengine pa kwenda.

18 Oktoba

Dereva wa lori la Geita amesema Mama Masele yuko Buseresere kwa mwanawe. Mkono umeunga vibaya lakini umeunga. Nimefurahi kwa mara ya kwanza toka mwezi wa nane. Nitampelekea cherehani yake. Huko hakuna anayejua habari za Samuye. Akiwa na cherehani, na tyubu za mwanawe hapo hapo mlangoni, mwaka ujao atakuwa amevika nchi nzima ile. Nitamwomba radhi ana kwa ana. Nitapiga magoti kama anataka.

29 Oktoba

Mawingu yamekusanyika upande wa Kahama. Cherehani nimeifunga kwa magunia. Tunaondoka alfajiri na lori la Geita.

2 Novemba

Njia ilikuwa mbaya, na Bulyanhulu tulikwama kwenye matope pamoja na wachimbaji waliokuwa wanarudi machimboni na makarai yao. Walituvuta kwa kamba huku wakiimba. Mvua ilitunyeshea mpaka Geita. Nimelala kwenye pamba, na cherehani nimeikumbatia.

Buseresere tulifika asubuhi. Banda la Masele liko kando ya barabara, baiskeli zimening'inizwa. Ni kijana mkubwa, mtaratibu, ana uso wa mama yake. Akanipa shikamoo, akafurahi, akaiona cherehani, akaacha kufurahi.

"Iache hapa kwanza, mama," akasema. "Usiiingize ndani."

Mama Masele hakai ndani. Nyuma ya nyumba amejengewa kibanda cha nyasi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mkono umepinda chini ya kiwiko. Amekonda sana. Nikapiga magoti kabla sijatoa salamu, nikalia kama mtoto. Nikasema nisamehe, mimi ndiye niliyekuponza, ulinikataza na nikasikia.

Aliutazama ule mkono uliopinda.

"Nyanyuka, utachafua gauni," akasema. "Kule barazani ulitania vizuri. Na mimi nilicheka, si ulisikia? Pale uwanjani ndipo uliponimaliza."

Hakusema amenisamehe. Sikumwuliza tena.

Nikamwambia nimeleta cherehani. Akatikisa kichwa. "Nitamshonea nani? Dereva aliyekuletea habari zangu ndiye aliyeleta habari za Samuye huku. Zilifika kabla yangu."

Wakati tunaongea, mke wa Masele akaja na sahani ya ugali na mlenda. Ni binti mdogo, mimba yake imeshakuwa kubwa. Hakufika kwenye mkeka. Aliweka sahani chini, mbali, akarudi nyuma, ndipo akamwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, chakula." Akageuka akaenda haraka, mkono mmoja tumboni.

Mama Masele akainuka akaifuata sahani mwenyewe. "Si mtoto mbaya," akaniambia. "Anaogopa tu."

Nikanawa, nikala naye sahani ile ile. Aliniangalia ninavyomega, na mdomo wake ukatetemeka, akautuliza kwa tonge. Ugali ulikuwa umepoa.

Masele alinisindikiza barabarani, amebeba cherehani begani. Nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikamwambia kila kitu, polepole, kama nilivyowaambia watu wa Samuye. Tyubu. Majivu. Kitambaa. Homa ya uti wa mgongo. Nikamwambia, mwanangu, wewe ni fundi, wewe ndiye uliyempa hizo tyubu.

"Najua, mama," akasema. "Nilimpa mimi. Hata majivu najua, mimi mwenyewe nikiziba tyubu naipaka unga wa chaki isinate. Mama yangu hana ubaya, hayo yote nayajua."

"Basi mwingize ndani! Mvua hizi zimeanza, kibanda kile kinavuja."

Akaitua cherehani kando ya barabara, akaifuta matone kwa shati lake. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ningemwona ana hasira ningepata nguvu.

"Mke wangu yuko karibu kujifungua," akasema. "Mtoto akipata hata homa ndogo, watu watakuja kwangu kama walivyokwenda Samuye. Na mimi mwenyewe, mama, nisikufiche. Usiku nikimsikia anakohoa kule nyuma, naujua ukweli, na bado naogopa."

Kisha akatazama pembeni, akaniambia kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi:

"Mke wangu amekuona ukila naye. Nakuomba usirudi nyumbani kuaga."

Akaniinamia, akarudi bandani kwake. Mvua ikaanza. Nilibaki kando ya barabara na cherehani ya Mama Masele, na kibanda chake nilikuwa nakiona kwa nyuma ya nyumba, na yeye ametoka amesimama mlangoni ananitafuta kwa macho. Sikwenda kumuaga.